Fundi Miavuli na Ukurasa wa Biashara

Katika mkahawa wa Bi. Felisbela gazeti hununuliwa moja tu kwa siku, na kabla ya saa tatu asubuhi limeshagawanywa kama kuku wa sikukuu. Bwana Gaspar, dereva wa tramu mstaafu, anachukua kurasa za mpira. Bi. Zulmira anachukua ukurasa wa tanzia kwa sababu, anasema, mtu wa miaka sitini na minne lazima ajue nani katangulia. Felisbela mwenyewe anabaki na nyota na mapishi. Kugusa ukurasa wa mwenzio ni sawa na kumnywea kahawa yake.

Ukurasa wa biashara ni wa Bwana Adérito, fundi miavuli. Hakuuchagua. Siku walipogawana, miaka mingi kabla mimi sijaolewa kwenye kichochoro hiki, yeye alicheleweshwa na mwavuli wa padri. Alipofika, kilichobaki mezani kilikuwa bei za hisa.

"Huo huo, Adérito," Gaspar alimwambia. "Soma uwe tajiri."

Tajiri hakuwa. Lakini akawa kitu kingine, na watu wa mitaa ya jirani hapa Porto walikijua kitu hicho kabla ya kumjua mwenyewe.

Nianze na ufundi wake, maana mengine yote yalitoka humo. Baba yake alikuwa fundi wa kutembea. Alisukuma baiskeli yenye jiwe la kunolea visu, akapuliza filimbi, akatengeneza miavuli mlangoni kwa mtu. Kwetu tunaamini filimbi ya fundi wa namna hiyo ikilia, mvua iko njiani, na kwa mji wetu huwezi kukosea sana. Adérito aliacha shule darasa la nne akamfuata baba. Baba alipofariki baiskeli iliuzwa, filimbi ikabaki. Siku hizi kazi yake anaifanya kwenye chumba kilicho chini ya ngazi, mkabala na mkahawa. Chumba chenyewe ni chembamba kiasi kwamba akitaka kujaribu mwavuli mkubwa, lazima atoke nje aufungulie huko.

Hatupi kitu. Mwavuli ukishakufa anauvua nguo, anatoa mbavu, springi, kishikio, kifungo, na kila kimoja kinaingia kwenye kopo lake. Siku moja nilimpelekea mwavuli wa mume wangu nikamwambia huu nao umekwisha, tuutupe.

"Hakuna mwavuli mbovu, binti," alinijibu huku ameshika msumari mdomoni. "Kuna miavuli miwili ambayo haijakutana."

Basi na mashairi yake yalianza hivyo hivyo. Kila mwezi wa Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane inapokaribia, Felisbela anapanga vyungu vya mrihani mbele ya mkahawa. Kila chungu kina ua la karatasi na kibendera kidogo chenye ubeti mmoja wa mapenzi, mistari minne, na mtu anampelekea amtakaye. Mwaka mmoja vibendera vilivyotoka kwa mpiga chapa vililowa mvua njiani. Wino ulitiririka, mapenzi yote yakawa madoa ya bluu. Felisbela alikaa mlangoni akashika tama. Adérito alikuwa mezani na ukurasa wake, na mkasi wa kukatia kitambaa cha miavuli uko mfukoni kama kawaida.

"Nikorogee gundi ya unga," alisema.

Kibendera cha kwanza, ambacho Felisbela anacho mpaka leo nyuma ya picha ya mama yake, kinasema hivi:

*Soko limefunga leo,*
*hisa zote zimeshuka;*
*thamani yako pekee*
*daima yaongezeka.*

Felisbela alikisoma mara mbili. "Sasa haya ni mapenzi au ni benki?"

"Kichomeke, utaona."

Vyungu viliisha kabla ya mchana. Mwaka uliofuata watu walikuja wakiuliza kama yule wa benki bado yupo.

Mimi nilipoanza kusaidia mkahawani, kazi yangu mwezi wa Juni ikawa kuchomeka vibendera, huku binti yangu Jacinta amelala kwenye kikapu chini ya kaunta. Ndipo nikauona utaratibu wake. Kalamu haigusi kabisa. Neno ambalo halikukatwa gazetini haliingii. Makopo ya maneno yako rafu moja na makopo ya springi, na ukifungua unakuta kopo la vitu, kopo la vitendo, kopo la sifa. Yanayomsumbua zaidi ni yale madogo, "na", "kwa", "lakini", maana hayo ndiyo viungo, na viungo ndivyo huisha kwanza. Nilimkuta mara nyingi amekaa na neno moja kiganjani, analigeuza kama mtu anayetafuta upande wa kuanzia. Kulikuwa na kinyozi mmoja wa mtaa wa juu, mwanamume wa miaka arobaini mwenye aibu ya mtoto, aliyekuja kuomba kitu cha kumpelekea mshona nguo. Adérito alimpa hiki:

*Natafuta mwekezaji*
*wa muda mrefu sana;*
*mtaji wangu mdogo,*
*faida ni kuonana.*

Wameoana. Wana mapacha.

Tatizo la ukurasa wa biashara ni kwamba una kila kitu isipokuwa kile kinachotakiwa. Neno "upendo" halimo. "Busu" halimo, "mpenzi" halimo. Katika miaka yote ile Adérito alipata "moyo" mara moja tu, kwenye habari ya hoteli mpya iliyojengwa "katika moyo wa jiji". Alilikata taratibu na kulilaza ndani ya ganda la kibiriti, peke yake, na humo likakaa miaka minane.

"Litumie hilo neno, mzee, litaota ukungu!" Gaspar alikuwa akimchokoza kutoka nyuma ya mpira wake.

"Bado."

"Bado nini? Unangoja bei ipande?"

"Wewe soma jinsi mlivyofungwa Jumapili, uniache."

Gaspar alicheka, akaacha. Sote tulijua Adérito anamngoja nani; ni yeye tu aliyedhani hatujui.

Bi. Zulmira ni mjane wa Firmino, aliyekuwa rafiki wa Adérito tangu utoto. Firmino amefariki miaka kumi na mmoja sasa, na alichomwachia mkewe ni nyumba ndogo mwisho wa kichochoro pamoja na mwavuli mweusi wa kishikio cha mbao. Mwavuli ule unavunjika kuliko mwavuli wowote niliowahi kuuona. Unavunjika Januari, unavunjika Machi, unavunjika hata Agosti. Adérito anautengeneza, anasema "nusu saa tu, Bi. Zulmira," na ile nusu saa anampa kiti.

Asubuhi moja nilikuwa dirishani kwangu namnyonyesha Jacinta, nikamwona Bi. Zulmira nyuma ya mlango wake, amekunja ubavu wa mwavuli juu ya goti. Aliutazama, akaona hautoshi, akakunja na wa pili. Kisha akavuka kichochoro.

"Bwana Adérito, upepo huu jamani!"

Siku hiyo hata nguo kwenye kamba hazikutikisika.

"Upepo mbaya sana," Adérito alijibu, akavuta kiti.

Sikumwambia mtu. Kuna mambo ukiyasema unayavunja.

Mwaka huu, mwezi wa Mei, Bi. Zulmira alikuja mkahawani na barua. Mpwa wake anayeishi Luxembourg alikuwa amemkatia tiketi ya tarehe ishirini na tano Juni, siku moja baada ya sikukuu. Ahamie huko moja kwa moja. Kuna chumba, kuna bustani, kuna wajukuu wa kaka.

"Na nyumba?" Felisbela aliuliza.

"Nyumba haina neno. Lakini mpwa wangu anauliza, shangazi, huko unaongea na nani? Nikafikiri, nikaona ninaongea na ukuta, na ukuta wenyewe siku hizi haunijibu." Alicheka. "Nitakula sardini zangu za Mtakatifu Yohane, kisha niende."

Springi ilimponyoka Adérito mkononi, ikaruka chini ya meza ya Gaspar. Hakuna aliyeinama kuiokota. Bi. Zulmira alimtazama kidogo, kama anayengoja basi ambalo ratiba yake haina uhakika. Adérito alisema, "Huko mvua inanyesha sana."

"Ndivyo wanavyosema," alijibu Bi. Zulmira, akakunja barua yake.

Wiki zile Adérito alikonda. Ilipofika asubuhi ya tarehe ishirini na tatu, mkesha wa sikukuu, alileta sinia la vibendera kama kawaida, na juu yake kibendera kimoja kimefungwa ndani ya leso.

"Hiki, binti, kiweke kwenye chungu kizuri kuliko vyote. Usikipange mezani na vingine. Kiweke dirishani, upande wa kiti chake. Anakuja saa nne."

Nilikifungua. Kilikuwa kimebandikwa kwa unadhifu hata kingo za karatasi hazikuonekana.

*Ghala langu lina mali*
*isiyokwenda sokoni:*
*moyo mmoja kamili.*
*Usihame mtaani.*

"Umelitumia!" nilisema.

"Nililipata 'usihame' wiki iliyopita," alisema, masikio yamewiva. "Tangazo la benki inayowabembeleza wateja wake. Bila hilo nisingeweza."

"Atajua limetoka kwa nani?"

"Hapa kichochoroni nani mwingine anasoma biashara?"

Akaenda kutafuta tai.

Sasa lazima niseme kuhusu sheria ya Felisbela. Mrihani haunuswi kwa pua. Unaufunika kwa kiganja, unaupapasa, kisha unanusa kiganja. Ukiingiza pua kwenye majani, mmea unanyauka, kila mtu analijua hilo. Kwa hiyo Felisbela ameweka sheria: anayenusa kwa pua, amenunua. Hakuna kujitetea. Amewahi kumlipisha polisi.

Saa tatu na nusu Jacinta alilia, nikaenda nyuma kumnyonyesha. Nikiwa huko nikasikia sauti ya Felisbela ikipanda.

"Aa-aa! Bwana! Bwana mwenye kofia! Hiyo pua imefanya nini?"

Mgeni alijibu kwa lugha yake, kwa upole.

"Umenusa, umenunua! Hata kama kiko dirishani, kiko kwenye mkahawa wangu. Euro tano. Ndiyo, na kibendera ni chako, mpelekee mama. Shikilia chini, hivyo. Sikukuu njema!"

Dirishani. Nilitoka mbio mtoto akiwa bado kifuani. Chungu hakipo. Nilitazama kichochoro chote mpaka chini. Mji ulikuwa umeshafurika watu na nyundo zao za plastiki za kugongana vichwani, kama ilivyo desturi ya sikukuu hii, na kila mtu wa tatu alikuwa na kofia na chungu cha mrihani.

"Umefanya nini, Felisbela?"

"Nimeuza chungu. Kazi yangu hiyo."

"Kile kilikuwa cha Bi. Zulmira. Kutoka kwa Bwana Adérito. Kilikuwa na lile neno."

Felisbela alikaa kwenye kreti la chupa. "Lile la kibiriti?"

"Lile."

"Mungu wangu, na mimi nimemrudishia chenji."

Gaspar aliacha mpira wake, akatoka na slipa hadi kona, akarudi anahema. "Wamejaa kama sardini. Ana kofia ya rangi gani?"

"Ya kofia!" alisema Felisbela, karibu kulia.

Ndipo Adérito alipoingia na tai yake, nywele amezilowesha maji. Alitazama dirisha. Alitutazama sisi. Hatukuhitaji kumweleza mengi. Hata hivyo Felisbela alimweleza yote, kwa mikono miwili, na Bwana Adérito alisikiliza kama mtu anayesomewa hali ya hewa.

"Basi," alisema. "Amenusa kwa pua. Sheria ni sheria."

"Tengeneza kingine!" alisema Gaspar. "Makopo yako yamejaa!"

"Moyo ulikuwa mmoja, Gaspar."

Bi. Zulmira alikuwa ameshafika mlangoni, saa nne kamili, na kikapu chake. Alitutazama tulivyosimama.

"Kuna msiba gani hapa ambao haumo kwenye ukurasa wangu?"

"Hakuna, Bi. Zulmira," alisema Adérito. "Chungu kimeuzwa, basi." Akampisha, akavuka kichochoro, akaingia chini ya ngazi yake na kurudishia mlango nusu.

Bi. Zulmira aliketi. Nilimletea kahawa.

"Chungu cha nani, mwanangu?"

Ningeweza kudanganya. Lakini zilibaki siku mbili tu, na Jacinta alikuwa ananitazama.

"Chako."

Hakushtuka. Alikoroga kahawa ambayo hata sukari hakuwa ameitia.

"Kilikuwa kinasema nini?"

Nilimsomea kwa kichwa, mistari yote minne. Nilikuwa nimeshakisoma mara kumi nikikichomeka. Aliniambia nirudie wa tatu.

"Moyo aliupata wapi? Biashara hawana moyo."

"Kwenye habari ya hoteli. Miaka minane iliyopita. Ameuweka kwenye kibiriti."

"Miaka minane," alisema Bi. Zulmira. Akavuta ukurasa wake wa tanzia, akavaa miwani, akaanza kupitisha kidole. "Hapa, 'kwa mioyo iliyojaa huzuni'. Hapa, 'mwanamke wa moyo safi'. Hapa tena. 'Mpendwa' saba. 'Upendo' sita, hata huyu mwenye bucha aliyekuwa hasalimii mtu ameandikiwa upendo. Na mimi kurasa hizi ninafungia mifupa ya samaki! Yeye amekaa meza ya pili, anatafuta moyo mmoja kwenye mahesabu ya watu. Kwa nini hakuniomba?"

"Alishawahi kusema maneno ya marehemu hayafai kwenye chungu cha mtu aliye hai," alisema Gaspar, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Marehemu hawayahitaji. Wangeambiwa mapema ndiyo ingewafaa." Alivua miwani, akaivaa tena. "Nenda ukaniazimie mkasi."

Nilivuka. Adérito alikuwa ameketi katikati ya miavuli iliyofungwa, tai ameilegeza.

"Bi. Zulmira anaomba mkasi."

"Wa nini?"

"Hakusema."

Alinipa bila kuuliza tena. Nadhani alifikiri anataka kukata uzi wa sanduku la safari.

Bi. Zulmira hana ufundi. Alikata maneno vibaya, mengine yakiwa na mkia wa neno la jirani, na gundi ya unga ikamwingia kwenye pete. Felisbela alitaka kuchungulia, akapigwa kikofi cha mkono. Hapakuwa na vina wala mizani. Alibandika nyuma ya karatasi ya sukari, akaipuliza ikauke, akanipa niipeleke pamoja na mkasi.

Sikuisoma njiani. Niliisoma Adérito alipoishika karibu na mwanga wa mlango, na sikuwa na njia ya kutoiona.

*Mpendwa.*
*Safari imeahirishwa*
*mpaka siku ya ufufuo.*
*Nyumbani kwake, leo, saa kumi alasiri.*
*Familia inaomba msilete maua.*

Aliisoma. Akaigeuza, kama kuna zaidi upande wa sukari. Akaisoma tena, midomo ikitembea, na alipofika kwenye ufufuo kilimtoka kicheko kifupi, kama springi ikirudi mahali pake. Kisha akafuta macho kwa kitambaa cha mwavuli, kile cheusi kisichofyonza maji, kikawa kinayasambaza tu usoni.

"Binti."

"Naam, Bwana Adérito."

"Mrihani ni ua au si ua?"

Nilifikiri vizuri, maana aliniuliza kama swali la kweli.

"Ni mboga," nilisema.

"Ndivyo nilivyodhani."

Saa kumi kasoro dakika tano kichochoro kizima kilikuwa kimewasha majiko, moshi wa sardini umetanda, na Felisbela alikuwa amemchagulia chungu kingine, bure, huku akijilaani. Adérito alipita katikati yetu na tai yake, chungu mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili, ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Filimbi usiipige leo, tafadhali!" Gaspar alipaza sauti. "Utatuletea mvua!"

Hakugeuka. Alibisha mara mbili. Bi. Zulmira alifungua akiwa na aproni na uma mkononi, akatazama chungu.

"Nimesema msilete maua."

"Ni mboga, Bi. Zulmira."

Alifunika mrihani kwa kiganja, akaupapasa polepole, akanusa kiganja.

"Basi ingia. Sardini zinaungua."

Tiketi ya Luxembourg ilirudishwa, na mpwa alikuja mwenyewe Septemba kumwona huyo fundi. Asubuhi hizi wanasomea meza moja, biashara na tanzia zikiwa zimechanganyika, na Gaspar analalamika kwamba mgawanyo umevunjwa. Majira ya baridi yalipofika tulipata upepo wa kweli, ule unaong'oa vigae. Nilikuwa dirishani na Jacinta nikamwona Bi. Zulmira akipita chini ya mwavuli wa Firmino. Mbavu zote nane zilikuwa zimenyooka. Tangu Juni haujavunjika hata mara moja.